Saa Kuukuu Imegoma: Fuata Nguvu Inapopotelea

Mtu akirithi saa ya zamani ya kutia ufunguo ikawa haiendi, kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua mfuniko wa nyuma na kutafuta kilichovunjika. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Saa ni nzima, ila ni chafu, na uchafu wenyewe ni ule usioonekana kwa jicho tupu. Badala ya kutafuta kilichovunjika, jiulize nguvu inaishia wapi.

Njia ya nguvu ni fupi. Kamani kuu, yaani springi inayotunza nguvu ya ufunguo, imeviringishwa ndani ya ngoma. Ikijikunjua, ngoma inazunguka na kulisukuma gurudumu la katikati, la katikati linalisukuma la tatu, la tatu la nne, na la nne linalisukuma gurudumu la kuachia. Hilo la mwisho linazuiwa na uma wenye vito viwili, ambao unaliachia jino mojamoja, na kwa kila jino unaipa mizani msukumo mdogo. Mizani ni lile gurudumu linalobembea. Katikati yake kuna unywele, yaani kamani nyembamba sana inayoirudisha kila inapokwenda. Mlio unaousikia ni wa vito vya uma vikigongana na meno.

Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, ambazo ni mara 5 kwa sekunde na mara 432,000 kwa siku. Ikichelewa sekunde 30 kwa siku nzima, kosa lake halifiki hata asilimia 0.04. Nalitaja hili mapema kwa sababu wako watu wanaoivuruga saa nzuri kabisa wakitaka ilingane na simu.

Kabla ya kushika bisibisi

Anza na kifundo, kile cha pembeni unachozungusha kuitia ufunguo. Kizungushe taratibu huku saa iko karibu na sikio. Kifundo kinasema mengi.

Kikizunguka bila uzito wowote na bila kufika mwisho, na saa ni ya kutia kwa mkono, basi kamani imekatika au ncha yake ya ndani imechomoka kwenye ekseli ya ngoma. Kamani za chuma cha bluu, zilizotumika kabla ya zile za aloi nyeupe kuenea katikati ya karne ya 20, hukatika hata saa ikiwa imetulia kabatini. Kama saa ni ya otomatiki, usihangaike: ncha ya nje ya kamani yake imetengenezwa iteleze ndani ya ngoma, hivyo kifundo hakifiki mwisho hata ukizungusha hadi usiku.

Kikirudi nyuma kila unapokiachia, tatizo ni kikomeo. Hicho ni kipande kidogo kinachodaka meno ya gurudumu la juu ya ngoma na kuizuia kamani isijikunjue kwa kurudi kinyumenyume. Ama kimekwama kwa uchafu, ama kikamani chake kimevunjika au kimeruka wakati fundi aliyetangulia alipoifungua. Ni kazi ndogo, na vipuri vyake si ghali kwa saa zilizotengenezwa kwa wingi.

Kikizunguka kwa kukwaruza na kurukaruka, meno ya gia za kifundo yamelika, au skrubu inayozishika imelegea. Hapa tahadhari: skrubu ya gia ndogo iliyo karibu na shafti mara nyingi hufungwa kinyume, yaani unaifungua kwa kuizungusha kulia. Watengenezaji wengine huiwekea mifereji mitatu kichwani kama alama, wengine hawaweki alama yoyote. Skrubu ikigoma kushoto, jaribu kulia kwanza kabla ya kuongeza nguvu. Vichwa vya skrubu vilivyokatika ndivyo vinavyofanya saa ya kawaida iwe kazi ya wiki.

Na kikiwa kigumu, hakizunguki hata kidogo, saa imejaa. Hapa ndipo utasikia kwamba "imezidishwa ufunguo". Haijazidishwa. Kamani ikijaa imejaa, haina pa kuzidi. Saa iliyojaa na haiendi ina kizuizi mbele ya njia, na kizuizi hicho ndicho kilichomfanya mwenyewe aendelee kuzungusha mpaka kifundo kikagoma.

Imejaa, lakini haiendi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo.

Fungua mfuniko na utazame mizani kwa lenzi. Puliza kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu ni kutu ya kesho. Kuna matokeo mawili. Ama mizani itabembea kwa uhuru kwa muda kisha ipungue na kufa, ama itasogea kidogo na kukataa.

Ikibembea vizuri kisha ikafa, yenyewe ni nzima ila nguvu haiifikii. Ikikataa, ugonjwa uko hapo hapo kwenye mizani, usiende kutafuta mbali.

Tuanze na mizani inayokataa. Ishike ukingo kwa kibano, kwa wepesi kabisa, uinyanyue na kuishusha. Inatakiwa iwe na mchezo mdogo tu, wa kuonekana kwa shida. Ikilalia upande mmoja na kuparuza daraja lake, kile kipande kinachoishika kwa juu, au gurudumu la katikati, ncha ya ekseli imevunjika. Ncha hizi zina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, na saa ikianguka sakafuni zikiwa hazina kinga, ndizo za kwanza kwenda. Mfumo wa kinga kama Incabloc ulianza kuenea miaka ya 1930: utautambua kwa kikamani cha dhahabu chenye umbo la kinubi juu ya kito cha mizani. Saa isiyo nayo ikianguka mara moja, shuku ekseli kwanza. Kuibadilisha ekseli kunahitaji mashine ya kuchonga au stendi ya kugongea na mkono uliozoea. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kutafuta mizani kamili iliyotoka kwenye saa nyingine ya kalibu ile ile, yaani aina ile ile ya mashine ya ndani. Namba ya kalibu huwa imechongwa kwenye bamba la chini, mara nyingi chini ya mizani yenyewe.

Ekseli ikiwa nzima, angalia unywele. Duru zake zote zinatakiwa zilale bapa, zisigusane, zisiguse mkono wa mizani chini wala daraja juu. Unywele uliopinda hata kidogo unatosha kuisimamisha saa. Usijaribu kuunyoosha kwenye saa unayoipenda. Nunua mashine mbovu, haribu nywele kadhaa huko, kisha urudi.

Sasa upande wa pili: mizani nzima, nguvu haifiki. Toa mizani pamoja na daraja lake, geuza na uweke pembeni. Uma umebaki peke yake. Saa ikiwa imetiwa ufunguo kidogo, usukume mkia wa uma kwa ncha ya kibano, kidogo tu. Unatakiwa uruke wenyewe hadi upande wa pili, kwa haraka, kama swichi. Ukiusukuma ukabaki pale ulipouacha, au ukajikokota, nguvu imepotelea kabla ya kuufikia.

Usitoe uma bado. Kwanza ondoa nguvu yote. Shika kifundo kwa vidole viwili, kizungushe mbele kidogo ili kikomeo kilegee, sogeza kikomeo kwa kijiti, halafu kiachie kifundo kizunguke kinyume polepole kati ya vidole mpaka kamani iishe. Ukitoa uma huku kamani imejaa, magurudumu yote yatazunguka kwa kasi ya kutisha mpaka kamani iishe, na jino likikatika au ncha ikipinda hapo, gharama ni yako. Ni dakika moja ya kazi, na hakuna sababu ya kuiruka.

Nguvu ikishaisha, toa uma na utie ufunguo meno mawili matatu tu. Magurudumu yanatakiwa yaanze kuzunguka mara moja, yaende laini, na yakifika mwisho gurudumu la kuachia lirudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Ule mrudio mdogo ndio ushahidi kwamba njia ni safi. Nauamini kuliko mashine yoyote. Usipouona, kuna kitu kinashika: mafuta yaliyoganda, kito kilichopasuka, ncha yenye kutu, au kiuchafu kati ya meno mawili. Pitia meno ya kila gurudumu kwa lenzi, hasa mizizi ya zile gia ndogo za chuma, kwa sababu huko ndiko unyuzi mmoja wa nguo unakoweza kuisimamisha saa nzima.

Katika saa nyingi jibu litakuwa mafuta yaliyoganda. Mafuta ya zamani hukauka na kuacha utando wa kahawia, au wa kijani pale yalipokutana na shaba. Dawa yake ni moja: kufungua yote, kuosha, na kutia mafuta mapya. Kuongeza tone la mafuta juu ya yale makavu kunaifanya saa iende wiki moja na kuuma ncha kwa miaka inayofuata, kwa sababu mafuta mapya yanachanganyika na chembe za zamani na kuwa dawa ya kusagia. Na ile mikebe ya kupulizia inayotumika kwenye bawaba za milango isikaribie saa kabisa.

Kuosha na kutia mafuta

Nafta safi au benzini nyepesi huyeyusha mafuta ya zamani vizuri. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto. Vito vichokonolewe kwa kijiti cha mti laini kilichochongwa ncha: zungusha ndani ya tundu, kichonge upya, rudia mpaka kitoke cheupe.

Wengi hupenda spiriti kwa sababu inakauka haraka. Kwa madaraja na magurudumu haina shida. Lakini vito vya uma na kile kito kidogo cha chini ya mizani vimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Ukiuacha uma humo utautoa hauna vito. Uma na mizani vioshwe kwa nafta tu, kwa muda mfupi.

Mafuta nayo si ya aina moja. Ncha zinazokwenda haraka na zenye nguvu ndogo, kama za mizani na za gurudumu la kuachia, zinataka mafuta mepesi. Moebius 9010, mafuta maalumu ya saa, ndiyo ambayo mafundi wengi huitaja. Ekseli ya ngoma na gurudumu la katikati zinataka mazito zaidi. Gia za kifundo na kikomeo zinataka grisi. Kikombe cha kito, kile kishimo kinachozunguka tundu lake, kijae nusu au zaidi kidogo. Ukiona mafuta yamesambaa juu ya bamba, umetia mengi, na mafuta yaliyosambaa huvutwa na bamba na kukiacha kito kikavu.

Kuna sehemu zisizotiwa kitu. Ncha za uma hazitiwi mafuta katika saa nyingi, kwa sababu zinasogea kidogo mno na mafuta yanazichelewesha tu. Meno ya magurudumu hayatiwi. Unywele hautiwi kamwe.

Inakwenda, kisha inasimama

Andika inasimama saa ngapi. Hii ni kazi ya bure isiyohitaji kifaa, na wengi hawaifanyi.

Ikisimama kila mara mishale ikiwa mahali pale pale, mishale inagusana, au inagusa uso au kioo. Iangalie kwa pembeni, kwa usawa wa macho: mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde kila mmoja uwe na nafasi yake. Ikisimama katikati ya usiku na ina tarehe, gia za tarehe ndizo zinazoilemea. Zinaanza kuvuta masaa kadhaa kabla ya tarehe kuruka, na saa yenye nguvu ndogo haiwezi mzigo huo. Kwa sababu hiyo hiyo usibadilishe tarehe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika kalibu nyingi za zamani gia zimeshashikana muda huo na jino hukatika kirahisi.

Mshale wa sekunde ukisimama mahali pamoja karibu kila dakika, chunguza gurudumu la nne, kwa sababu katika saa nyingi ndilo linaloubeba na linazunguka mara moja kwa dakika. Gurudumu la katikati huzunguka mara moja kwa saa, kwa hiyo saa inayosita mara moja kila saa inakuelekeza huko. Hesabu hii ya mizunguko inakuonyesha jino bovu kabla hujafungua chochote.

Ikisimama ukiilaza uso chini na kuendelea ukiigeuza, ncha ya upande mmoja wa mizani au kito chake cha kufunika ndicho chenye matatizo. Ikisimama ovyo bila mpangilio, rudi kwenye uchafu.

Inakimbia

Saa inayowahi dakika kadhaa kwa siku, wakati jana ilikuwa sawa, imepata sumaku mpaka ithibitike vinginevyo. Spika, mfuniko wa kompyuta, pochi yenye kifungo cha sumaku, vyote vinatosha. Duru za unywele zinanatana, unywele unakuwa kama umefupishwa, na mizani inabembea haraka. Weka dira ndogo juu ya saa inayokwenda: sindano ikitetemeka kwa mapigo ya mizani, sumaku ipo. Kiondoa sumaku ni kifaa cha bei ndogo. Washa, pitisha saa, ivute mbali taratibu, kisha ndipo uzime. Ukizima saa ikiwa bado karibu, unaweza kuiacha na sumaku zaidi kuliko ilivyokuja. Saa zenye unywele wa Nivarox, aloi iliyotokana na kazi ya Reinhard Straumann miaka ya 1930, huathirika kidogo kuliko zile za chuma cha bluu, lakini si kinga kamili.

Kama dira imetulia, tazama unywele. Tone la mafuta kati ya duru mbili hufanya kazi ile ile ya sumaku. Duru moja iliyoruka na kudakwa kwenye pini za kirekebishi, ule mkono mdogo wa kurekebisha mwendo, huifanya saa ikimbie kwa dakika nyingi kwa siku. Hii hutokea saa ikipigwa, na inarudishwa kwa ncha ya sindano.

Kuna kisa kimoja adimu. Saa inakimbia vibaya sana na mlio wake unakwenda kwa kasi ya farasi, si tiki-taki. Mizani inabembea kupita kiasi, inazunguka karibu duara zima na kuugonga uma kwa nyuma. Chanzo chake kwa kawaida ni fundi aliyeweka kamani nene mno. Ukinunua kamani, pima upana, unene, urefu na kipenyo cha ndani cha ngoma, na usidharau unene: nguvu ya kamani hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo kamani iliyozidi asilimia 10 tu kwa unene ina nguvu zaidi kwa karibu theluthi.

Inachelewa

Kabla ya kugusa kirekebishi, pima kwa mashine ya kusikiliza mapigo, au hata kwa programu ya simu yenye maikrofoni nzuri. Ukiwa umetia ufunguo wote na saa imelala uso juu, bembea ya nyuzi 270 hadi 310 ni afya. Chini ya 220, saa inaomba kuoshwa, na kuisogeza kirekebishi ni kuficha homa. Kumbuka kuiambia mashine pembe ya msukumo ya kalibu yako, yaani kiasi mizani inachozunguka wakati inasukumwa na uma. Nyingi ziko karibu na nyuzi 52, lakini ukikosea hapo namba zote za bembea zitakuwa za uongo.

Bembea ikiwa ndogo baada ya kuosha, toa kamani kwenye ngoma. Kamani ya bluu iliyochoka hubaki imejikunja karibu na ukubwa wa ngoma hata ikiwa nje. Haina tena hamu ya kujikunjua, na hakuna mafuta yatakayoirudishia.

Halafu kuna ile dalili inayowachanganya hata wenye uzoefu: mashine inasema saa ni sahihi, mlio ni safi, bembea ni nzuri, lakini mishale inachelewa nusu saa kwa siku. Hapo usiguse mizani kabisa. Mshale wa dakika umebebwa na kibomba kinachobana ekseli ya gurudumu la katikati kwa msuguano tu, ili uweze kuupeleka mshale bila kuzungusha gia zote. Kibomba kikilegea, ekseli inazunguka ndani yake na kukiacha nyuma. Vuta kifundo na upeleke mishale: ikienda bila uzito wowote, umekipata. Kinabanwa kidogo kwa kifaa chake, huku sindano ya chuma ikiwa ndani kuzuia kisipondeke, halafu kinapakwa grisi chembe. Kikibanwa mno nacho kitaisimamisha saa.

Kirekebishi chenyewe, ukifika wakati wake, ni ule mkono mdogo juu ya daraja la mizani wenye alama za + na −, au A na R, au F na S. Usogeze kwa unene wa unywele, subiri siku, pima tena.

Inabadilika kwa mkao

Kila saa inabadilika kidogo. Ikiwa uso juu na uso chini zinatofautiana sana, ncha moja ya mizani imebapa au kito cha kufunika kimechimbika. Ikiwa mikao ya kulala iko sawa lakini ile ya kusimama inapishana yenyewe kwa yenyewe, mizani haina ulinganifu wa uzito au unywele hauko katikati. Kuilinganisha mizani ni kazi ya kuondoa chuma kwa vipimo vidogo mno. Kwa saa ya kuvaa, chagua mkao unaokaa zaidi mkononi na uirekebishe kwa huo.

Mlio unaochechemea, tiki ndefu na taki fupi, ni jambo jingine: mizani haitulii katikati ya uma. Kalibu za baadaye zina mkono wa kusogeza kwa ajili hiyo. Za zamani zinataka kuzungusha shina la unywele kwenye ekseli, na usipokuwa na uzoefu, uchechemeaji wa milisekunde moja au mbili ni afadhali kuliko unywele uliokunjamana.

Kifundo kimetoka mkononi

Mara nyingi skrubu ya kushika shafti imelegea, na inakazwa tu. Ukiitoa shafti mwenyewe, fungua skrubu hiyo mzunguko mmoja au miwili, si zaidi. Ikitoka kabisa, wenzo wake unaangukia upande wa uso na itabidi utoe mishale na uso kuurudisha. Mishale ikienda wakati unatia ufunguo, kikamani cha upande wa uso kimevunjika.

Ukungu kwenye kioo

Maji yameingia. Fungua leo, si kesho. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Saa iliyoingia bahari ioshwe mara moja kwa maji safi kisha ifunguliwe kabisa, kwa sababu chuma ndani huanza kutu kwa muda wa masaa. Kuizika kwenye mchele hakufanyi lolote kwa maji yaliyo chini ya madaraja. Kutu kwenye shafti hubadilishwa kwa shafti mpya. Kutu kwenye unywele ni mwisho wa unywele huo. Baada ya hapo badilisha mpira wa kuziba, na saa ya zamani usiichukulie tena kuwa ya kuogea, hata kama mfuniko umeandikwa.

Uso, kioo na kasha

Hapa naomba mikono ipungue. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika kinang'arishwa kwa krimu ya kung'arishia metali na kitambaa, na matokeo yanaridhisha sana; cha madini hakisikii krimu, kinabadilishwa. Kasha likifutwa vumbi na jasho lililoganda kwa mswaki laini, kwa kawaida limetosha. Mashine ya kung'arisha inakula kona na maandishi, na kona hazioti tena.

Uso usiuoshe. Maandishi ya nyuso nyingi ni wino mwembamba juu ya vanishi, na pamba yenye maji inaondoka nayo. Madoa ya uzee yaache.

Na mishale au namba zenye rangi ya kung'aa gizani, hasa zilizogeuka njano au kahawia, usizikwangue kabla hujajua ni nini. Mpaka miaka ya 1960 saa nyingi zilipakwa radiamu. Inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo hata kama haing'ai tena bado inatoa mionzi. Kilichokufa ni zinki salfaidi iliyochanganywa nayo. Hatari kubwa ni vumbi likivutwa au kumezwa. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa viwandani Marekani miaka ya 1910 na 1920 waliugua na wengine wakafa kwa sababu walichonga brashi kwa midomo. Kifundi, maana yake ni hii: usikwangue, usipulize, fanyia kazi juu ya karatasi yenye unyevu, nawa mikono, na usile mezani hapo. Uso ulioandikwa T kila upande wa neno SWISS una tritiamu, ambayo ni ya baadaye na dhaifu zaidi.

Kabla ya kufunga mfuniko

Iache saa iende siku nzima ikiwa imelala uso juu, kisha uso chini, kisha imesimama kifundo chini, na uandike tofauti kila baada ya saa 24. Ipime pia katika saa moja ya mwisho kabla hujaitia ufunguo tena, kwa sababu saa inayopendeza ikiwa imejaa na kuanguka ikiwa nusu ina kamani ya kubadilisha. Saa ya rika hilo ikikaa ndani ya sekunde 30 kwa siku, na mikao ya kulala ikawa inakaribiana, hakuna cha kutafuta tena. Kagua mpira wa kuziba haujajikunja kwenye mfereji wake, futa alama za vidole ndani ya kioo, funga.